Saa Iliyopanda Mlima Ikiwa Zizini

Mzee Wabuge alisoma mita za maji mjini Eldoret kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukuta mita iliyodanganya. Watu, ndiyo. Alikuta watu waliozika bomba la pili chini ya banda la kuku. Alikuta watu waliopindua mita ikahesabu kinyumenyume, mpaka ikaonekana wao ndio wanaoupa mji maji. Alikuta bwana mmoja aliyefunga mbwa juu ya kisanduku cha mita na kumwambia, "Soma tu, Mzee, haumi." Na ukimpa chai ya tatu angekusimulia pia habari za mamba wa mto Sosiani aliyemeza mita, na jinsi yeye Wabuge alivyoisoma kupitia kinywani, mamba akiwa amejipanua kwa hiari yake.

"Yuniti mia nne na mbili," angesema bila kupepesa jicho. "Na ilikuwa sawa kabisa."

Kwa hiyo Jumanne ile, kochi Bethwel alipoingia uani kwake Maili Nne na simu mkononi, akasema kwamba saa ya Linah imemsema Linah vibaya, Wabuge hakuishuku saa. Alimshuku Linah.

Linah alikuwa mjukuu wake, miaka ishirini na miwili, mwembamba kama fito. Alimwita Wabuge Kuka, yaani babu, kama wanavyoita Wabukusu. Alikuwa amekimbia miaka sita, miwili ya kwanza akivaa viatu vya watu wengine. Saa ilikuwa ya Bethwel, aliyewagawia wanariadha wake saba saa kama hizo mwezi uliopita. Ilikuwa saa ya wapanda milima, nyeusi na nene. Ilihesabu mapigo ya moyo kwa taa ya kijani iliyomulika ngozi kwa chini, ilipima urefu wa mahali kwa kunusa hewa, na kila jioni ilipeleka yote kwenye simu ya kochi, mwenyewe akiwa macho au amelala.

"Mzee, sitaki maneno mengi," Bethwel alisema. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. "Nimemwambia huyu msichana, ukishamaliza mbio za asubuhi, ni kulala. Miguu juu ya ukuta. Sasa angalia. Karibu kila siku, saa kumi jioni, moyo unaenda mia moja sitini na kitu. Nusu saa nzima! Halafu anapanda mlima. Ijumaa alipanda mita mia moja themanini. Mlima gani uko hapa Maili Nne?"

Wabuge aligeuka kutazama nyuma ya choo, kana kwamba mlima ungeweza kuwa umeletwa bila yeye kuambiwa.

"Saa kumi niko kwa ng'ombe, Kochi," Linah alisema. "Nakamua."

"Ng'ombe wenu anaishi ghorofani?"

"Kochi, naapa."

"Usiape. Wote huapa." Bethwel alikuwa mtu wa sauti ndogo, na ukali wake ulikaa machoni. "Kuna nafasi tatu za kwenda kukimbia Ureno mwezi ujao. Jina lako ni la tatu. Sasa, ama unafanya mazoezi ya siri, uvunjike kabla ya ndege. Ama kuna kambi nyingine inakufundisha pembeni. Ama saa yangu inavaliwa na mtu mwingine. Yote matatu kwangu ni kitu kimoja. Jumamosi napeleka majina. Nikikosa maelezo ya kuaminika, lako linatoka, la Nangila linaingia."

Akaondoka. Linah hakulia. Alichukua ndoo ya maziwa iliyokuwa safi tayari, akaiosha tena, akasugua mpaka bati likapiga kelele.

Wabuge alibaki amekaa, akifikiri kama alivyozoea kufikiri. Moyo unapanda, na mtu hajatoka nyumbani. Katika maisha yake alijua jambo moja tu linaloweza kumfanyia hivyo msichana wa miaka ishirini na miwili, na jambo hilo huja na pikipiki. Na ni nani aliyekuja pale kila siku saa kumi na nusu na pikipiki? Brian, mnunuzi wa maziwa. Kijana wa meno meupe na kicheko kisicho na sababu.

"Aha," Wabuge aliliambia jiko. "Bomba la pili."

*

Jumatano saa tisa na nusu aliaga kwamba anaenda kucheza drafti, kama kila siku. Alitembea mpaka kona, akazunguka kwa nyuma, akajipenyeza katika nepia yake mwenyewe, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, kama mwizi. Nepia hukata kama wembe. Kufikia saa kumi alikuwa na mikwaruzo masikioni, lakini zizi lote lilikuwa mbele ya macho yake.

Linah alikuja na ndoo, maji ya moto, na kopo la mafuta ya kukamulia. Ng'ombe aliitwa Madam, kwa sababu hakutoa kitu kabla ya kuombwa vizuri. Linah alimwosha kiwele kwa maji ya moto mpaka mvuke ukapanda, akachota mafuta kwa vidole viwili, akajipaka viganja na vifundo vya mikono, na mengine akampaka Madam. Saa ilimteleza mpaka kwenye mfupa wa mkono, mkanda ukiwa umelegea. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaanza. Chwa-chwa, chwa-chwa, chwa-chwa, mikono yote miwili, upesi kama mtu anayepiga ngoma. Hakuinuka. Hakuimba. Hakumtazama mtu.

Pikipiki ikafika. Wabuge akazuia pumzi.

"Sasa Linah."

"Poa."

Brian alichovya kipimo chake kwenye maziwa, akakiangalia kwa jicho moja. "Leo iko sawa."

"Kwani ni siku gani haikuwa sawa?"

"Siwezi jua. Watu siku hizi wanaweka maji. Hata watu wa kanisa."

"Nenda ukaseme hivyo kwa mama yako."

Wabuge aliona kwamba kama yale yalikuwa mapenzi, basi yalikuwa katika hali mbaya. Alijisogeza asikie vizuri. Jani likamwingia puani. Alipiga chafya iliyomfanya Madam ainue mguu.

"Nani huyo?" Brian alifoka.

"Ni mimi."

"Mzee Wabuge? Unafanya nini ndani ya nepia?"

"Natafuta kuku."

Brian aliwatazama kuku watano waliokuwa wakiparura karibu na gurudumu lake. "Wa ngapi?"

"Wa sita."

"Mzee, nyinyi mko na kuku watano tangu mwaka jana."

"Ndiyo maana namtafuta."

Jioni ile Linah aliweka simu yake mezani, karibu na ugali, bila neno. Mapigo mia moja sitini na nne. Dakika ishirini na nane. Amepanda mita mia moja arobaini. Wabuge alisoma mara tatu. Aliyaona kwa macho yake yale matako yakiwa juu ya kigoda mwanzo hadi mwisho. Kwa mara ya kwanza maishani, jicho lake na mita vilikuwa havipatani, na kitu cha kwanza alichoshuku kilikuwa jicho.

"Kuka, ulinivizia," Linah alisema.

"Nilikuwa natafuta..."

"Usiniambie kuku." Alisukuma sahani. "Kochi akinishuku, sawa. Yeye amenijua juzi. Wewe umenilea. Ulifikiria nini? Nina mwanaume ndani ya zizi?"

Wabuge alipata kazi ya kutoa mfupa wa samaki, ingawa walikuwa wanakula sukuma wiki.

"Kama ni kunishuku," Linah akasema, "basi nishuku vizuri. Pima. Si hiyo ndiyo kazi ulifanya miaka yote? Ama ilikuwa tu mamba?"

*

Mtu akilalamika kwamba mita inazidisha, msomaji wa mita haanzi na maneno. Anafunga mifereji yote ya nyumba, anachuchumaa, anatazama. Mita ikizunguka na mifereji imefungwa, kuna tundu mahali. Na akiendelea kuwa na wasiwasi, anafunga mita ya pili kwenye bomba lilelile, azilinganishe.

Alhamisi, Linah aliporudi kutoka mbio za asubuhi, Wabuge alimlaza kwenye mkeka na saa mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa mifereji kufungwa. Kisha akamwekea vidole viwili shingoni, akahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa mita ya pili. Shingo ilisema hamsini na mbili. Saa ilisema hamsini na tatu.

"Si wazimu," Wabuge alisema, na hakufafanua kama anamsema Linah au saa.

Alimtembeza uani. Shingo tisini, saa tisini na moja. Alimbebesha ndoo ya maji. Zikapatana tena. Saa kumi ikafika, wakaenda kwa Madam. Linah akaosha, akapaka, akakaa, akaanza. Wabuge alisimama nyuma yake na vidole shingoni kama mtu anayetaka kumkaba.

Shingo ilisema sabini na nane.

Saa ilisema mia moja sitini na moja.

"Usiache kukamua," Wabuge alinong'ona. Alihesabu tena, na safari hii alishindwa kwa sababu ya kelele ya ndoo. Chwa-chwa, chwa-chwa. Kila alipofika ishirini, maziwa yalimpoteza. Basi akaacha shingo, akahesabu maziwa. Dakika nzima. Mia moja na sitini.

"Linah! Kamua polepole."

Chwa... chwa... chwa...

Namba kwenye saa ikaanza kushuka. Mia moja na arobaini. Mia moja na ishirini. Mia.

"Kuka," Linah alisema bila kugeuka, "hii kitu inahesabu maziwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Ile taa ya kijani, mkanda ukiwa legelege na mafuta yamekaa katikati kama kioo kichafu, haikuona damu tena. Ilichosikia ni mtikisiko wa mkono, na mkono wa mkamuaji hodari hutikisika kama moyo wa mtu anayekimbia. Walifuta mafuta, wakaifunga saa vidole viwili juu ya mfupa, ikakaa imara. Namba ikarudi themanini.

Mlima uliwachukua muda zaidi. Wabuge aliipindua saa juani, akakunja jicho, akaona ubavuni vitundu viwili vidogo kuliko jicho la sindano, vimezibwa na kitu cha njano. Mafuta ya kukamulia. Hapo alikuwa nyumbani. Alijua mita iliyozibwa. Hewa ilipashwa na maji ya moto, ikafungiwa ndani na mafuta, kisha ikapoa. Saa ikanusa hewa nyepesi ikadhani iko kileleni.

Alikuwa ameshatoa pini kwenye kola ya shati lake, akaisogeza kwenye tundu la kwanza, mkono ukakataa. Ni mara ngapi yeye mwenyewe alikuwa amemwandikia mtu kosa la wizi kwa sababu ya alama ya pini? Ukikuta mkwaruzo kwenye mita huulizi tena. Akairudisha pini. Wakailoweka saa kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, wakaisuuza, wakaiacha ikauke kwenye kitambaa.

"Sasa nivalishe mimi," Wabuge alisema. "Tuone kama itanisoma na mimi nikikamua. Ikikataa, tutajua inamjua mwenyewe."

"Inamjua mwenyewe vipi?"

"Si ina jina lako ndani? Mita huwa na namba ya mwenye nyumba. Jirani hawezi kuandikwa kwa mita yako."

Linah alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. "Kuka, hii inaandika yeyote. Ukiivalisha Madam itaandika Madam, na kochi atapata yote."

Wabuge aliifunga saa mkononi, akaifungua tena upesi.

Jumapili. Linah alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya, akaacha saa kwenye chaja juu ya rafu. Na yeye Wabuge aliichukua, akaivaa, akatembea nayo mpaka kwenye benchi la drafti pale stendi. Aliwaambia wenzake kwamba ametumiwa saa hiyo na watafiti wanaotaka kujua siri ya nguvu za wazee. Okello, mmoja wao, alipotaka ithibitishwe, alibonyeza kitufe cha juu na saa ikalia pii. Kisha alipoona saa kumi na moja inakaribia, na kwaya inakaribia kutawanyika, alirudi nayo mbio, akaichomeka kwenye chaja. Hakuna aliyejua.

Aliamini hakuna aliyejua.

"Kuka, mbona umenyamaza?"

"Nahesabu," alisema.

*

Ijumaa jioni Bethwel aliitwa. Alikuja na uso wa mtu aliyeitwa kusikiliza uongo na amekuja kuuona una mikono mingapi.

Wabuge alikuwa amejiandaa. Hakumweleza kitu. Alimpa kigoda. "Kochi, wewe ni mtoto wa wafugaji. Kamua. Na saa yako mwenyewe mkononi, tusije tukaambiwa tumeichezea ile ya Linah."

"Mzee, hizi ni michezo gani?"

"Dakika tano."

Bethwel alimtazama Madam, Madam akamtazama Bethwel, na kwa kuwa hakuna mtu aliyekulia na ng'ombe anayeweza kukataa kiwele kilichojaa, alikunja mikono ya shati. Linah alimmwagia maji ya moto, akampaka mafuta, akamlegezea mkanda kidogo kama alivyolegeza wa kwake. Kochi alikamua vizuri, kusema kweli. Linah alimwekea vidole shingoni.

"Sabini na moja," alisema.

Bethwel aliangalia mkono wake. Mia moja arobaini na nane. Akafuta jasho ambalo halikuwapo, akakamua tena, akaangalia tena. Baada ya robo saa, saa yake ilimwambia kwamba amepanda mita sitini na tano. Alikaa palepale kwenye kigoda, maziwa yakimtiririka vidoleni, akatazama mbali kuelekea barabara ya Soy kama mtu aliyekosewa na ndugu.

"Kwa hivyo ni mafuta," alisema.

"Ni mafuta," Wabuge alisema.

"Na mkanda."

"Na mkanda."

"Mimi nilikuwa nimeshaandika jina la Nangila." Aliinuka, akajipangusa. Linah alikuwa ameshaanza kutabasamu. "Hapo kwa ng'ombe nimekubali. Sasa nielezeni Jumapili."

Tabasamu la Linah halikuondoka mara moja, kwa sababu hakujua anaulizwa nini. "Jumapili nilikuwa kwaya. Saa niliiacha kwa chaja."

"Chaja haitembei kilomita nne." Bethwel alitoa simu. "Hii niliweka mfukoni makusudi, nione kama mtaitaja. Jumapili saa tisa saa yangu ilitoka hapa, ikaenda mpaka stendi. Kutoka stendi mpaka hapa ikarudi mbio, na hiyo iko na ramani, maana mtu alibonyeza kitufe huko stendi. Hakuna ng'ombe hapo. Huyo alikuwa mtu. Na si wewe, maana wewe hukimbii vibaya hivyo."

Linah alimgeukia babu yake, akitafuta msaada. Alitafuta mahali pabaya.

"Nafikiri namjua," Bethwel aliendelea. "Huyu kijana wa maziwa anazunguka hapa kila siku. Ulimpa avae, ujifanye umetembea, kumbe uko mahali pengine. Sema tu ni Brian, Linah. Mzee, si ni Brian?"

Lilikuwa jina zuri. Lilikuwa tayari, limepikwa, limepakuliwa. Wabuge alihitaji tu kunyamaza, na kunyamaza hakujawahi kuwa dhambi. Lakini Brian akikubaliwa, ilikuwa ni kukubali pia kwamba Linah aligawa saa, na Ureno ingekwenda na Nangila. Alitazama mikono ya mjukuu wake. Ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa ndoo.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliiba saa. Nikaivaa. Nikaenda kujigamba nayo kwa drafti."

Linah alifumba macho. Bethwel alicheka kidogo, kwa huruma.

"Mzee, nakuheshimu. Babu mzuri lazima amfunike mtoto. Lakini mtu aliyesoma mita tumboni mwa mamba..."

"Kinywani."

"...siwezi kumwandikia ukweli kwa maneno yake."

"Muulize Okello! Waulize wote pale benchi!"

"Hao? Si hao ndio huapa kwamba walimshika mamba mkia?"

Hapo Wabuge aliona jinsi alivyojizika. Miaka yote aliyofurahisha watu na uongo, alikuwa akilipia siku hii bila kujua. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ukweli mkononi, na haukuwa na thamani ya jani la nepia.

"Basi nipime," alisema. "Kochi, nivalishe saa. Niende stendi, nirudi. Moyo wangu si uko kwa simu yako? Ulinganishe."

Bethwel alifikiri. "Kuna kitu kwa ile ya Jumapili sijakuambia, na sitakuambia. Kama ni wewe, kitajitokeza chenyewe. Kama si wewe, hutajua cha kuigiza."

Alimfunga Wabuge saa mwenyewe, vidole viwili juu ya mfupa, akavuta mkanda mpaka mzee akaguna.

Wakatoka. Wabuge mbele, Bethwel hatua kumi nyuma, simu mkononi. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, mageti huku na huku, ua wa miiba ya kei na mabati. Wabuge alitembea akijishuku mwenyewe. Ni nini kilichojificha? Alikuwa ametembea haraka Jumapili au polepole? Alipunga mikono? Aliinama? Alijaribu kutembea kama mtu asiye na hatia, na kugundua kwamba hajui hutembeaje. Nyuma yake alisikia kochi akinong'ona peke yake. "Tatu." Baada ya muda, "Nne."

"Unahesabu nini?"

"Tembea, Mzee."

"Ni moyo?"

"Tembea."

Walipita geti la mwalimu mstaafu. "Tano." Walipita geti la kijani lenye kengele isiyolia. "Sita." Wabuge hakuelewa. Walifika kwenye ploti isiyo na nyumba, ambayo haijawahi kuwa na nyumba, geti tu na nyasi mpaka kiunoni. Wabuge alikuwa amesimama kabla hajajua kwamba amesimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukisukuma nyasi kando, taratibu, na shingo yake imejikunja kutazama chini, pale kwenye kisanduku cha zege chenye kifuniko kilichopasuka.

Nyuma yake hatua zilikoma.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nani, mimi? Sifanyi kitu."

"Kwa nini umesimama?"

Wabuge alitazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine. "Kuna mita hapa," alisema.

Bethwel alikuja, akamwonyesha simu. Ulikuwa mstari mwekundu wa Jumapili, na juu yake vinundu vidogo kama shanga: mstari umesimama sekunde nne, umesimama sekunde tano, umesimama sekunde nne. Kila geti. Hata ploti isiyo na nyumba.

"Ramani yenyewe ni ya kurudi, na alikuwa anakimbia," Bethwel alisema. "Nikajiuliza, ni mtu gani anakimbia hivi halafu anasimama kila geti? Mtu wa maziwa husimama dakika mbili. Huyu, sekunde nne. Nikafikiri ni mwizi anachungulia nyumba za watu."

"Hata nikikimbia?"

"Hata ukikimbia, Mzee. Miguu yako bado imeajiriwa."

Wabuge aliegemea geti. "Basi umeamini. Turudi polepole, Kochi."

"Kusimama nimeamini. Moyo bado. Jumapili ulirudi mbio. Mia moja hamsini na tisa." Bethwel alitia simu mfukoni, akanyoosha mkono kuelekea stendi. "Tumalize kwenda. Halafu unirudie vilevile."

*

Linah aliwaona kutoka mbali: babu yake akija kwa mwendo wa mbuzi aliyefungwa miguu miwili, akisimama, akichungulia, akija tena, na kochi kando yake akitembea tu. Walipoingia uani Wabuge hakuwa na pumzi ya kusema uongo wala kweli. Bethwel aliusoma mkono wa mzee.

"Mia moja hamsini na saba," alisema. "Ni yeye. Hakuna mwingine nchi hii anaweza kukimbia hivi." Akamgeukia Linah. "Jina linabaki. Jumatatu lete pasipoti."

Linah alikalia ile ndoo aliyoiosha Jumanne bila kuangalia kama ni kavu.

"Lakini sikiliza. Kukamua si kupumzika. Kuanzia leo, saa kumi, miguu iko ukutani. Ng'ombe atakamuliwa na huyu anayependa kuvaa saa. Bila saa."

Kwa hiyo kesho yake, saa kumi, Linah alilala kwenye mkeka, miguu juu ya ukuta, dirisha likiwa wazi upande wa zizi. Kutoka kule alisikia Wabuge akimbembeleza Madam kwa Kiswahili, kisha kwa Kibukusu, kisha kwa sauti ambayo haikuwa lugha.

"Kuka, amesimama?"

"Ametulia kama kanisani."

"Na maziwa inatoka?"

"Lita kumi mpaka sasa," Wabuge akajibu. "Ndoo imejaa, natafuta nyingine."

Linah aliinuka nusu, akakumbuka amri ya kochi, akalala tena. Akatega sikio kwenye dirisha, akihesabu.

Ndoo haikusema kitu.